Kutoka Ganda Hadi Koti: Jinsi Metali Inavyokakamaa na Kulainika

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni metali nzito ya rangi ya kijivu, ambayo wanakemia huipa alama ya Pb. Risasi, tena, ni kile kinachofyatuliwa na bunduki. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na huko nako lina maana zote mbili. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kwa karne nyingi watu walisubu vichwa vya risasi kwa metali hiyo tupu, bila kuvifunika kwa kitu chochote. Metali ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za sentigredi, joto ambalo hata moto wa kuni hulifikia. Aidha, ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 11.3. Kitu kizito chenye umbo dogo hakizuiliwi sana na hewa, na kwa hiyo huenda mbali.

Siku hizi vichwa vingi vya risasi za bunduki ndefu huvikwa gamba jembamba la metali nyingine ngumu zaidi. Katika makala hii tutaliita gamba hilo koti. Tutasimulia jinsi watu wachache nchini Marekani, katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili, walivyotengeneza makoti hayo nyumbani kwao kutokana na maganda matupu ambayo wengine waliyatupa. Madhumuni yetu si kumfundisha msomaji kutengeneza risasi. Katika nchi zetu kazi hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Madhumuni ni kueleza kanuni moja ya sayansi ya metali ambayo habari hii huidhihirisha vizuri: kwamba metali huweka hesabu ya kila nguvu iliyoikunja, na kwamba moto pekee ndio unaoweza kuifuta hesabu hiyo. Mwalimu anaweza kuionyesha kanuni hii darasani kwa kipande cha waya. Ilipopuuzwa, ilileta hasara kubwa, kama tutakavyoona.

Ili tusichanganye mambo, tukubaliane juu ya maneno. Risasi nzima ina sehemu nne: kichwa, yaani kile kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki inayowasha baruti, na ganda linaloshika vyote pamoja. Bunduki ikishafyatuliwa, kichwa huenda zake, baruti na fataki huungua, na ganda hubaki tupu.

Kwa nini kichwa huvikwa koti

Mwaka 1882 Eduard Rubin, mwanajeshi na mvumbuzi wa Uswisi, alitengeneza kichwa cha risasi kilichovikwa koti la shaba nyekundu. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kuliko baruti nyeusi ya zamani, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likaanza kutumia bunduki ya Lebel iliyotumia baruti hiyo. Mambo haya mawili, koti na baruti mpya, yaliandamana kwa sababu moja ilihitaji nyingine.

Ndani ya mtutu wa bunduki kuna mifereji iliyochongwa kwa mzunguko. Kichwa kinapopita hushikwa na mifereji hiyo na kulazimishwa kuzunguka, na mzunguko ndio unaokifanya kiruke kwa kunyooka, kama pia inavyosimama wima inapozunguka. Mwendo ukiwa mdogo, metali ya risasi tupu hustahimili. Mwendo ukiwa mkubwa, metali hiyo laini huparuzwa na kuacha utando mtutuni, nayo mifereji hushindwa kukishika kichwa sawasawa. Koti la metali ngumu zaidi huondoa tatizo hilo.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kukadiria nguvu zinazohusika. Chukua kichwa chenye kipenyo cha milimita 5.7 kinachotoka kwa mwendo wa mita 900 kwa sekunde, katika mtutu ambao mfereji wake hukamilisha mzunguko mmoja kila milimita 356. Gawanya 900 kwa 0.356: kichwa huzunguka mara 2,500 hivi kwa kila sekunde, yaani mara 150,000 kwa dakika. Ukitumia kanuni ya mchapuko wa mwendo wa duara, utakuta kwamba mchapuko kwenye uso wa kichwa hicho ni zaidi ya mara 70,000 ya ule wa mvutano wa dunia. Koti lenye ufa mdogo tu haliwezi kustahimili hali hiyo. Kichwa hupasuka hewani kabla ya kufika kilikotumwa. Msomaji akumbuke jambo hili, maana ndilo linaloonyesha kwa nini ufa mdogo katika metali nyembamba si jambo dogo.

Viwanda hutengeneza makoti kwa aloi ya shaba nyekundu asilimia 95 na zinki asilimia 5, au asilimia 90 kwa 10. Maganda hutengenezwa kwa aloi yenye zinki nyingi zaidi: shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Aloi za shaba nyekundu na zinki ndizo zile za rangi ya dhahabu ambazo mafundi huziita shaba ya manjano, au brasi. Hiyo ya 70 kwa 30 inasifika kwa kukubali kuvutwa na kufinywa kuliko nyingine nyingi. Bamba bapa la duara husukumwa ndani ya tundu mpaka likawa kikombe, na kikombe husukumwa katika matundu mengine membamba zaidi mpaka likawa bomba refu lililozibwa upande mmoja. Sufuria ya alumini hukandamizwa kwa njia inayofanana na hiyo, ila yenyewe haihitaji kina kirefu hivyo.

Ganda lisilotumika mara ya pili

Yapo maganda ya namna mbili. Katika namna ya kwanza fataki huwekwa katikati ya kitako cha ganda, katika kikombe chake chenyewe. Fataki ikiisha huweza kung'olewa na kuwekwa nyingine, na ganda likatumika tena mara nyingi. Katika namna ya pili fataki haina kikombe. Kitako cha ganda kina ukingo uliokunjwa ambao ndani yake ni mtupu, na mchanganyiko wa fataki husambazwa humo. Bunduki ikifyatuliwa, pini huubonyeza ukingo, mchanganyiko ukabanwa na kuwaka.

Risasi za ukingoni zilianza Paris mwaka 1845, kwa kazi ya fundi Flobert. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa ndogo ya kipimo cha inchi 0.22, na mwaka 1887 ikatokea ile iitwayo .22 Long Rifle ambayo hutumika mpaka leo katika kujifunza shabaha na katika michezo. Kwa kuwa ukingo wake lazima uwe mwembamba ili pini iweze kuubonyeza, ganda hili haliwezi kuhimili shinikizo kubwa. Kwa kuwa ukingo ukishabonyezwa umeharibika, halitumiki tena. Kwa hiyo hutupwa. Katika viwanja vya shabaha vya Marekani maganda hayo hutapakaa ardhini kama maganda ya karanga.

Jambo moja linalifanya ganda hili kuwa la pekee. Katika risasi hizi ndogo, ganda na kichwa vina unene mmoja: kipenyo cha nje cha ganda ni milimita 5.7 hivi. Bunduki nyingine za inchi 0.22, zenye fataki ya katikati na mwendo mkubwa zaidi, nazo hutumia vichwa vyenye kipenyo hicho hicho, ila vilivyovikwa koti. Mtu mwenye macho ya fundi akiliona ganda tupu la ukingoni haoni taka tu. Huona bomba la brasi lililozibwa upande mmoja, lenye unene ule ule wa kichwa kinachohitaji koti.

Mwaka wa shaba adimu

Mwaka 1943 shaba nyekundu ilikuwa adimu Marekani kwa sababu ya mahitaji ya vita. Ilikuwa adimu kiasi kwamba serikali iliacha kutengeneza sarafu ya senti moja kwa shaba, ikatengeneza ya chuma cha pua kisichokuwa na shaba kabisa, iliyopakwa zinki juu. Baada ya mwaka huo senti zilirudi kuwa za shaba, na sehemu ya shaba hiyo ilitokana na maganda yaliyotumika yakayeyushwa. Viwanda vya risasi navyo vilifanya kazi ya jeshi. Raia aliyekuwa mwindaji au mpiga shabaha hakupata vichwa vyenye koti dukani.

Hapo ndipo maganda ya ukingoni yalipopata thamani. Katika mji wa Oroville, jimbo la California, Fred Huntington alitengeneza vyombo vya kugandamiza vichwa vya risasi ambavyo makoti yake yalitokana na maganda hayo. Vilikusudiwa kuwinda mnyama mdogo wa jamii ya kindi anayechimba mashimo miambani. Jina la mnyama huyo liliingia katika jina la chombo chake, na herufi za kwanza za jina la chombo zikawa jina la kampuni yake, RCBS. Wakati huo huo Vernon Speer na Joyce Hornady walishirikiana kutengeneza vichwa kwa njia hiyo hiyo. Baadaye kila mmoja alianzisha kampuni yake, na majina yao yote mawili bado yanajulikana katika biashara hiyo.

Kazi yenyewe, kwa muhtasari, ilikuwa hivi. Ganda lilisafishwa. Lililainishwa kwa moto. Lilisukumwa ndani ya tundu la chuma kigumu ili ukingo uliokunjwa ukunjuke na ubavu wa ganda uwe laini tangu juu hadi chini. Kipande cha metali ya risasi kiliingizwa ndani na kushindiliwa. Hatimaye mdomo wa ganda ulibanwa pande zote ukawa ncha, na kitako cha ganda kikawa kitako cha kichwa kipya.

Katika hatua hizo zote, ile ya kulainisha kwa moto ndiyo inayoonekana ndogo kuliko nyingine. Haibadilishi umbo, ganda huingia motoni na kutoka likiwa na urefu na upana ule ule. Hata hivyo, bila hatua hiyo, ukingo huchanika unapokunjuliwa na mdomo huingia mikunjo unapobanwa. Kwa nini? Ili kujibu hatuna budi kutazama ndani ya metali.

Metali hukakamaaje

Metali ngumu haina umbo moja lisilogawanyika. Imejengwa kwa punje ndogo ndogo zilizoshikamana, na kila punje ni fuwele, yaani mkusanyiko wa atomu zilizopangwa kwa safu zenye utaratibu. Ukiukunja waya wa shaba, safu za atomu huteleza moja juu ya nyingine. Lakini wanasayansi walipopiga hesabu ya nguvu inayohitajika kuzitelezesha safu nzima kwa mara moja, walipata nguvu kubwa mara nyingi kuliko ile inayotumika kwa kweli. Kulikuwa na kitu kilichoirahisishia kazi.

Mwaka 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walitoa jibu. Safu haziteleze zote kwa pamoja. Mna kasoro ndani ya fuwele, mistari ambapo safu ya atomu imekatika katikati, na kasoro hizo ndizo zinazotembea. Fikiri mkeka mkubwa uliotandikwa sakafuni. Kuuvuta wote kwa pamoja ni kazi ngumu. Lakini ukiutengenezea tuta dogo upande mmoja, kisha ukalisukuma tuta hilo kwa mkono mpaka upande wa pili, mkeka wote utakuwa umesogea kidogo, nawe hukutoka jasho. Kasoro ya mstari katika fuwele ni kama tuta hilo.

Basi, kasoro ndizo zinazoifanya metali ikubali kukunjwa. Lakini kila ikikunjwa, kasoro mpya huzaliwa, na zikizidi huanza kuzuiana. Tuta moja mkekani husafiri kwa urahisi. Matuta mia yanayokatizana huufanya mkeka ukwame. Hapo metali hukakamaa.

Vipimo vya jambo hili hustaajabisha. Tukizichukua kasoro zote zilizomo katika sentimita moja ya ujazo ya metali iliyolainishwa vizuri, tukaziunganisha mwisho kwa mwisho, urefu wake huwa kama kilomita 10. Katika metali iliyofinywa sana bila moto, urefu huo huweza kufika kilomita milioni moja, ambao unapita safari ya kwenda mwezini na kurudi. Matokeo huonekana katika brasi ya 70 kwa 30. Ikiwa imelainishwa, huweza kuvutwa mpaka urefu wake ukazidi kwa zaidi ya asilimia 60 kabla ya kukatika. Ikiwa imekakamaa, hukatika kabla urefu haujazidi kwa asilimia 10.

Ganda la ukingoni, kwa hiyo, ni metali iliyokwisha kupata mateso mengi. Lilivutwa kutoka bamba hadi bomba. Kitako chake kilikandamizwa na kukunjwa kuwa ukingo. Ukingo huo ukabonyezwa na pini. Anayetaka kuukunjua anaiomba metali ikubali mara nyingine tena mahali pale pale ilipokunjwa, nayo haina tena nafasi ya kukubali. Itachanika.

Moto hufanya nini

Metali iliyokakamaa ina nishati iliyofungwa ndani yake, kama upinde uliovutwa. Joto huzipa atomu uwezo wa kusogea na kurudi katika utaratibu. Mambo hutokea kwa hatua tatu, na kila hatua ina matumizi yake.

Katika hatua ya kwanza, kwenye nyuzi 250 hadi 300 hivi kwa brasi, mivutano iliyobaki ndani ya metali hulegea, lakini ugumu hupungua kidogo tu. Katika hatua ya pili, joto likizidi nyuzi 400, punje mpya zisizo na kasoro nyingi huzaliwa ndani ya zile za zamani na kuchukua mahali pake. Metali hulainika kana kwamba haikuwahi kukunjwa. Katika hatua ya tatu, joto likizidi zaidi au likakaa muda mrefu, punje hizo mpya humezana na kuwa kubwa mno. Brasi yenye punje kubwa ikifinywa, uso wake huwa na vijivimbe kama ganda la chungwa, na huchanika mapema.

Hivyo kulainisha kwa moto si kazi ya kutia joto tu. Ni kazi ya kutia joto la kutosha na kuacha kwa wakati. Masonara wa pwani yetu waliijua siri hii kwa mikono kabla ya darubini kuieleza: sonara hugonga bangili, huirudisha motoni, huigonga tena, wala hangoji mpaka aone ufa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Metali nayo hukunjwa ingali mbichi. Tofauti yake na samaki ni kwamba metali iliyokauka huweza kurudishiwa ubichi wake.

Somo kutoka mabanda ya farasi

Tumeona hasara inayotokea mara moja, metali inapochanika mkononi mwa fundi. Ipo nyingine inayongoja miezi kadhaa, na mfano wake maarufu unatoka India wakati wa utawala wa Waingereza. Msimu wa mvua za masika ulipopunguza shughuli za kijeshi, risasi ziliwekwa katika mabanda ya farasi mpaka kiangazi kirudi. Zilipotolewa, maganda mengi yalikutwa yamepasuka, ingawa hayakuguswa na mtu. Jambo hilo liliitwa mpasuko wa msimu.

Maelezo kamili yalitolewa mwaka 1921 na Moore, Beckinsale na Mallinson. Walionyesha kwamba mambo mawili yalikutana. La kwanza, maganda yalikuwa yamevutwa bila moto, na mivutano mikubwa ilibaki ndani ya kuta zake. La pili, mkojo wa farasi ulitoa gesi ya amonia, ambayo katika hewa yenye unyevu huishambulia shaba. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaijua nguvu hii: akitia amonia nyingi katika mmumunyo wa chumvi ya shaba, huona rangi ya buluu iliyokolea, dalili kwamba amonia imeikamata shaba. Katika ganda, amonia ilipita kwenye mipaka kati ya punje na punje, na mivutano ya ndani ikaipanua kila njia iliyofunguliwa. Amonia peke yake isingelipasua ganda kwa haraka hivyo. Mivutano peke yake isingelipasua. Vilipokutana, ganda lilipasuka lenyewe gizani.

Zebaki nayo hufanya hivyo hivyo. Ndiyo sababu chumvi ya zebaki ilitumika maabarani kupima kama kifaa cha brasi kina mivutano iliyobaki: kikichovywa na kupasuka, hakikulegezwa vizuri.

Dawa iliyopatikana ilikuwa moto, lakini moto mdogo. Ganda linahitaji kubaki gumu ili lihimili kazi yake, kwa hiyo haliwezi kupelekwa mpaka hatua ya pili. Hupashwa joto la hatua ya kwanza, mivutano ikatoka na ugumu ukabaki. Mtengeneza koti alihitaji kinyume chake: alitaka metali laini kabisa, akaenda mpaka hatua ya pili. Kanuni ni moja, matumizi mawili. Anayejua kanuni huchagua joto kwa kusudi, asiyeijua hubahatisha.

Wala jambo hili halikuishia India. Koki, valvu na viungo vya mabomba majumbani mwetu vingi ni vya brasi. Koki iliyokazwa kwa nguvu mno, ikiwa karibu na banda la kuku au choo ambako amonia haikosekani, huweza kupasuka siku moja bila kuguswa. Mwenye nyumba atalaumu maji au fundi, kumbe sababu ni ile ile ya mabanda ya farasi.

Jaribio la darasani

Kanuni hii huweza kuonyeshwa bila ganda lolote la risasi. Vinavyohitajika ni waya wa shaba wenye uzi mmoja mnene, kama ule unaotumika kupitisha umeme ukutani, koleo mbili, na taa ya Bunsen au jiko la mkaa. Ondoa plastiki yote kwa kisu. Usiichome, kwani moshi wake ni sumu. Kata vipande sita vya sentimita 15.

Kwanza, mwanafunzi akunje kipande kimoja katikati kwa pembe mraba, kisha akinyooshe. Ataona kwamba pale palipokunjwa hapanyooki kabisa. Waya huanza kukunjika pembeni, mahali papya palipo laini. Hapo ataiona hesabu ya metali kwa macho yake.

Pili, vipande viwili vikunjwe na kunyooshwa mahali pale pale mpaka vikatike, na idadi ya mikunjo iandikwe.

Tatu, vipande vitatu vilivyobaki vikunjwe nusu ya idadi hiyo, kisha viwili kati yake vipashwe moto mpaka viwe vyekundu kwa rangi hafifu inayoonekana kivulini tu. Viachwe vipoe, shaba nyekundu haigumuki hata ikitiwa majini, tofauti na chuma cha pua. Kisha vyote vitatu viendelee kukunjwa mpaka vikatike, na idadi zilinganishwe. Mwalimu asitaje matokeo mapema. Wanafunzi wenyewe waeleze kwa nini waya uliopita motoni hustahimili zaidi kuliko mwenzake.

Brasi isipashwe moto mkali darasani. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na mafusho yake huleta homa na maumivu ya kifua.

Tahadhari

Ganda linalookotwa huenda likaonekana tupu nalo si tupu, na risasi nzima isiyolipuka hufanana na iliyotumika. Kijana akiokota kimoja cha vitu hivyo asikiguse, asikigonge, wala asikitie motoni. Awaarifu wakubwa au polisi. Zaidi ya hayo, mchanganyiko wa fataki wa siku hizi kwa kawaida huwa na misombo ya risasi, na mabaki yake hubaki ndani ya ganda. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha metali hiyo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, hasa ubongo. Wale waliosubu na kushindilia vichwa katika vyumba vya nyumbani walikuwa wakicheza na sumu ambayo wengi wao hawakuipima.

Katika jimbo lile lile la California alikoanzia Huntington, kuwinda kwa vichwa vyenye metali ya risasi kulipigwa marufuku kabisa kuanzia Julai 2019. Sababu mojawapo ni ndege mkubwa aitwaye condor, aliyekaribia kutoweka. Hula mizoga iliyoachwa na wawindaji na kumeza vipande vya metali hiyo. Vichwa vya shaba tupu vimechukua nafasi. Huenda ikafika siku ambapo risasi ya bunduki haitakuwa tena na risasi ndani yake, na lugha yetu itabaki na jina linalokumbusha metali iliyokwisha kuondoka.

Lakini kanuni tuliyoieleza haitaondoka. Fundi bomba, sonara, mtengeneza sufuria na mhandisi wa ndege wote huishi chini yake. Metali haisahau yenyewe ilivyokunjwa. Anayetaka isahau hana budi kuipa moto, na kujua ni kiasi gani.